Ezekieli au Hezekia? Kuchagua kati ya majina ya Kiebrania yanayomtaja Mungu

Mdogo wangu alinipigia simu saa nne usiku, akiongea chinichini ili mumewe asisikie. "Kaka, Ezekieli na Hezekia, wewe ungechukua lipi?" Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba, baada ya miaka sita ya kusubiri na ya kuulizwa na kila mgeni, "Vipi, bado?" Yeye alilipenda Hezekia, mumewe alishikilia Ezekieli, na mama mkwe alikuwa ameshatoa sharti moja tu: jina limtaje Mungu. Nikamwambia kwa mama mkwe hawana kesi, maana majina yote mawili yanamtaja Mungu, tena yametoka kwenye neno moja la Kiebrania. Akakaa kimya. "Sasa tunachogombania ni nini?"

Lipo la kugombania, na ni la maana. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza kidogo kidogo siku zilizofuata. Najua wazazi wengi hushika orodha ya majina yenye maana ya neno moja pembeni, Danieli "hukumu", Nathani "zawadi", kisha wakachagua kwa kusikiliza mlio. Orodha hizo hazikosei sana, ila zinaficha jambo kubwa: jina la Kiebrania la aina hii ni sentensi nzima. Lina mtenda na lina tendo. Ukilinganisha sentensi kwa sentensi, unaona haraka mahali majina mawili yanapofanana na mahali yanapoachana.

Vipande viwili

Kipande cha kwanza ni cha Mungu. Kinaweza kuwa El, neno la jumla katika lugha za Kisemiti lenye maana ya mungu, ndugu wa "ilahi" ya Kiarabu. Au kinaweza kuwa sehemu ya lile jina lenyewe la herufi nne, YHWH, ambalo Biblia ya Kiswahili ya Union huliandika BWANA kwa herufi kubwa, na wengine wetu tumezoea kulisoma Yahwe au Yehova. Jina hilo halikuingizwa zima ndani ya jina la mtu. Lilikatwa. Likikaa mbele huwa Yeho- au Yo-, likikaa nyuma huwa -yahu au -ya, na Kiswahili kimelipokea kama -ya au -ia.

Kipande cha pili ndicho kinachosema Mungu ni nani kwetu, au ametenda nini. Na vipande hivi vinapishana mahali. Chukua neno "ab", baba. Ukiunganisha na El na Ya, mbele na nyuma, unapata watu wanne ambao msomaji wa Biblia anawafahamu: Eliabu kaka mkubwa wa Daudi, Abieli babu yake Sauli, Yoabu jemadari, na Abiya mfalme wa Yuda. Wanne hao wanabeba ungamo moja, kwamba Mungu ni baba. Ndivyo ilivyo kwa maneno mengine pia:

| Kinachosemwa | El mbele | El nyuma | Yo mbele | -ya nyuma |
|---|---|---|---|---|
| ni baba | Eliabu | Abieli | Yoabu | Abiya |
| ametoa, amejalia | Elnathani | Nathanaeli | Yonathani | Nethania |
| amefadhili | Elhanani | Hananieli | Yohana | Hanania |
| ni msaada, amesaidia | Eliezeri | Azareli | Yoezeri | Azaria |

Kwa hiyo wazazi wanaobishana kati ya Yonathani na Nathanaeli hawabishanii maana. Mungu ametoa, basi. Hata kubadilisha mahali pa kipande hakukuwasumbua Waebrania wenyewe: mwana wa mwisho wa mfalme Yehoramu anaitwa Yehoahazi katika 2 Nyakati 21:17, na sura inayofuata inamwita Ahazia. Mtu yule yule, vipande vile vile, kimoja kimetoka mbele kikaenda nyuma. Eliya na Yoeli nao wako hivyo. Eliya ni "Mungu wangu ni Yahwe", Yoeli ni "Yahwe ni Mungu". Ukiwa na pacha wa kiume na unataka majina yanayoitikiana, sijaona jozi nzuri kuliko hiyo.

El au Ya?

Hapa tofauti ipo, ingawa si ya cheo. El inasema "Mungu". Ya inamtaja kwa jina lake.

Kihistoria El ilitangulia. Fungua Hesabu sura ya 1, penye viongozi wa makabila kumi na mawili jangwani: Elizuri, Shelumieli, Nethaneli, Eliabu, Elishama, Gamalieli, Pagieli, Eliasafu. El tele, na hakuna hata mmoja mwenye Ya. Kisha ruka mpaka kwenye wafalme wa Yuda: Yehoshafati, Yehoramu, Amazia, Uzia, Yothamu, Hezekia, Yosia, Sedekia. Ya imetawala. Katika magofu ya Lakishi, mwaka 1935, vilichimbuliwa vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za kijeshi za siku za mwisho kabla Babeli haijaivunja Yuda. Humo mna Hoshayahu, Tobiyahu, Gemaryahu, na jemadari mmoja aitwaye Konyahu mwana wa Elnathani. Baba ana El, mwana ana Yahu. Hiyo familia moja inanionyesha kwamba watu wa wakati ule walichanganya aina zote mbili nyumbani kwao bila kuona kasoro.

Mkao wa kipande cha Ya ulibadilika pia kwa mahali na wakati. Vigae vya Samaria, ufalme wa kaskazini, vya karne ya 8 kabla ya Kristo, vinaandika -yaw pale watu wa Yuda walipoandika -yahu. Wayahudi waliokaa kisiwa cha Elephantine kwenye Mto Nile, karne ya 5 kabla ya Kristo, waliandika -yah tu. Mfupisho huo ndio uliotufikia sisi katika Nehemia na Zekaria.

Kuna jambo moja kuhusu enzi ile ambalo wazazi hulishangaa. Lilikuwapo neno la tatu, Baali, ambalo kabla ya kuwa jina la mungu wa Wakanaani lilikuwa neno la kawaida la "bwana, mwenye mali". Mwana wa Sauli katika 1 Nyakati 8:33 ni Eshbaali. Kwenye 2 Samweli jina lake limegeuzwa kuwa Ishboshethi, kipande cha Baali kikaondolewa na kuwekwa neno la "aibu". Mwana wa Daudi ni Beeliada katika 1 Nyakati 14:7, na ni Eliada katika 2 Samweli 5:16. Tena mmoja wa mashujaa waliomfuata Daudi anaitwa Bealia, "Yahwe ndiye bwana", Baali na Ya ndani ya jina moja! Waandishi wa baadaye walisahihisha majina ya watu waliokwisha kufa ili kipande cha Mungu kisiwe na mashaka. Kilikuwa kitu kizito kwao.

Wenye nguvu nao walilijua hilo. Farao Neko alipomweka Eliakimu kuwa mfalme alimbadilisha jina akamwita Yehoyakimu. El ikatoka, Yeho ikaingia, na maana ikabaki "atainua, atasimamisha". Babeli ilikwenda mbali zaidi. Vijana wanne wa Danieli sura ya 1 walifika wakiwa na majina mawili ya El, Danieli na Mishaeli, na mawili ya Ya, Hanania na Azaria. Wakapewa Belteshaza, Meshaki, Shadraka na Abednego. Mfalme Nebukadreza mwenyewe anasema katika Danieli 4:8 kwamba Belteshaza ni kwa jina la mungu wake.

Sasa, kwa mzazi wa leo. Kama ukoo wenu una Wakristo na Waislamu, na koo za namna hiyo ni nyingi Pwani na Tanga na Tabora, jina la El linavuka mlango kwa urahisi: Ishmaeli ni Ismaili, Gabrieli ni Jibrili, Mikaeli ni Mikaili. Bibi wa upande wa pili atamwita mjukuu kwa matamshi yake na jina halitaharibika. Majina ya Ya nayo yanavuka, Zekaria ni Zakaria na Eliya ni Iliasa, ila kipande cha Mungu hakisikiki tena kirahisi. Obadia, "mtumishi wa Yahwe", na Abdieli, "mtumishi wa Mungu", wana ndugu yao wa maana anayejulikana kila mtaa wetu: Abdala.

El ina faida ya pili kwetu: bado iko hai. Nenda Kilimanjaro, Upare, Arusha, utakutana na Elibariki, Elineema, Elirehema, Elifuraha, Eliamani. Wazee walichukua kipande cha Kiebrania wakakiunganisha na neno la Kiswahili, na sentensi ikaeleweka na kila anayeisikia. Warundi na Wanyarwanda walifanya kazi hiyo hiyo kwa neno lao wenyewe: Habimana, Mungu yupo, Hakizimana, Mungu ndiye anayeponya. Mtu akinambia anataka jina linalomtaja Mungu lakini haoni ladha katika majina ya Biblia, namwelekeza huko bila kusita. Elirehema imejengwa sawasawa na Elhanani. Tofauti ni kwamba mtoto hatahitaji kutafsiriwa.

Amenitia au atatia?

Hapa ndipo ilipo tofauti ya Ezekieli na Hezekia, na kwangu ndiyo tofauti yenye uzito kuliko zote. Nasikitika kwamba orodha za majina haziigusi.

Tendo ndani ya jina la Kiebrania lina hali yake, karibu na jinsi Kiswahili kinavyotofautisha -me- na -ta-. Majina mengine yanasema jambo limekwisha kutendeka: Zekaria, Yahwe amekumbuka. Nehemia, amefariji. Sefania, ameficha, yaani amehifadhi. Yonathani, ametoa. Mengine tendo lake bado liko mbele au linaendelea, na mara nyingi yanasomeka kama dua: Yehoyakimu, Yahwe atainua, na ainue. Ishmaeli, Mungu atasikia, husikia. Mlinganishe Ishmaeli na Shemaya au Elishama, waliojengwa na neno lile lile la kusikia, na utaona: Shemaya anasema amesikia. Mmoja anaomba, mwingine anashukuru.

Neno la Ezekieli na Hezekia ni "hazak", kuwa na nguvu, kuwa imara. Hezekia kwa Kiebrania ni Hizkiyahu: Yahwe amenitia nguvu, au nguvu yangu ni Yahwe. Ezekieli ni Yehezkel: Mungu atatia nguvu, na atie nguvu. Kwa hiyo mdogo wangu na mumewe walikuwa wanagombania wakati wa kitenzi. Yeye, aliyeibeba ile miaka sita mwilini mwake, alivutwa na jina la shukrani. Mumewe, ambaye usiku na mchana anawaza kama mtoto atafika salama, alivutwa na dua. Wote wawili hawakulijua hilo, na nilipowaambia wote wawili kwa pamoja kwenye spika ya simu, shemeji alicheka kidogo kisha akasema taratibu, "Ni kweli, kaka. Mimi bado naomba."

Nikawasomea na habari za wenye majina, maana jina la Biblia huja na maisha ya mtu. Hezekia aliugua karibu na kufa, akageuza uso ukutani akalia, na Isaya 38:5 inasema aliongezewa miaka kumi na mitano. Ni mfalme aliyejulikana hata kwa maadui zake: kumbukumbu za Senakeribu wa Ashuru juu ya vita vya mwaka 701 kabla ya Kristo, zilizoandikwa kwenye udongo, zinamtaja Hazakiau Myahudi, na ile -yahu ya mwisho unaisikia humo. Ezekieli alikuwa kuhani mhamishwa, kando ya mto Kebari huko Babeli, na alipotumwa kwa watu wagumu aliambiwa katika sura ya 3 kwamba uso wake utafanywa mgumu kukabili nyuso zao. Kiebrania hapo kinatumia hazak, neno la jina lake. Jina likawa limejibiwa.

Tena iko habari iliyowafurahisha wote wawili. Kiebrania cha Isaya 1:1 hakimwiti mfalme huyo Hizkiyahu bali Yehizkiyahu, kwa umbo lile la "atatia". Mfalme mmoja alibeba shukrani na dua kwa wakati tofauti.

Ushauri wangu ni huu, na ninausimamia: kabla ya kulinganisha majina, wazazi wajiulize wanataka kusema nini juu ya mtoto huyu. Kama mmepewa baada ya kunyimwa, tafuteni -me-: Zekaria, Nethania, Hanania, Azaria, Shemaya. Kama mnaomba ulinzi, chukueni Ezekieli au Eliakimu. Kama hamna la kuomba wala kusimulia, mnataka ungamo tu, yako majina yasiyo na kitenzi kabisa: Yoeli, Urieli na Uria (nuru yangu ni Mungu, nuru yangu ni Yahwe), Elisha (Mungu wangu ni wokovu). Mikaeli na Mikaya ni swali: nani aliye kama Mungu, nani aliye kama Yahwe?

Majina yanayofanana na haya lakini siyo

Nimeona watu wakidanganywa na silabi. Yona hana Yo ya Yahwe. Yona ni njiwa. Abeli na Raheli wanaishia -eli kwa Kiswahili lakini hawana El: Abeli ni pumzi, mvuke, na Raheli ni kondoo jike. Maria haina -ya. Na Eli, kuhani aliyemlea Samweli, si "Mungu wangu" kama wengi wanavyohubiri. Jina lake linaanza na herufi nyingine ya Kiebrania na linahusiana na kuwa juu, kuinuliwa. Haya yote ni majina mazuri. Ila kama sharti la mama mkwe ni kumtaja Mungu, hayatimizi.

Yusufu yuko katikati. Jina ni kitenzi tu, "na aongeze", na mtenda hatamkwi, lakini Raheli katika Mwanzo 30:24 anamtamka: BWANA aniongeze mwana mwingine.

Jina langu mwenyewe nililielewa vibaya mpaka ukubwani. Naitwa Samweli, na tangu utotoni niliambiwa maana yake ni "aliyeombwa kwa Mungu", kwa sababu Hana anasema hivyo katika 1 Samweli 1:20. Lakini neno la kuomba kwa Kiebrania ni "shaal", na jina linalotoka humo moja kwa moja ni Sauli. Samweli, kwa vipande vyake, ni "jina lake ni El" au "jina la Mungu". Hana alikuwa anacheza na sauti ya jina, kama mama zetu wanavyofanya, na maneno yake ni ya kweli kwa maisha ya mtoto hata kama si maana ya vipande. Israeli ni vivyo hivyo. Mwanzo 32:28 inaeleza kwamba Yakobo alishindana na Mungu, lakini katika ujenzi wa majina haya mtenda kwa kawaida ni Mungu mwenyewe, kwa hiyo kwa vipande vyake ni "Mungu hushindana". Mzazi anaweza kushika maelezo ya hadithi au maana ya vipande. Ajue tu ameshika ipi.

Jinsi jina litakavyoitwa na kuandikwa

Hapa -ia inashinda El, na sababu ni ya Kiswahili chenyewe. Hezekia, Nehemia, Azaria, Obadia yanaishia kwa irabu, ulimi wetu umeyakubali yalivyo, na karani hana la kuongeza wala kupunguza. Majina ya -eli yana mlango wazi mwishoni. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Samweli. Cha darasa la saba ni Samwel. Cha kidato cha nne ni Samuel. Nilipoomba kazi nilirudishwa dirishani mara tatu, nikalipa wakili anitayarishie kiapo kwamba watu hawa watatu ni mtu mmoja. Ukichagua jina la -eli, amueni tahajia siku ya kwanza, iandikeni kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende na mtoto kliniki na shuleni. Majina ya Yo yana tatizo kama hilo upande wa mbele: Yoeli atakuwa Joel kabla hajafika darasa la pili. Na Hezekia ilindeni H yake, maana ikidondoka linabaki Ezekia, na mtu mwingine atadhani mlikusudia Ezekieli.

Jambo la pili ni kifupi. Mtaa utafupisha jina hata mkikataa, na kinachokatwa mara nyingi ni kipande cha Mungu. Danieli, "Mungu ni hakimu wangu", akiitwa Dani anabaki "hakimu wangu". Msihuzunike kwa hilo, lina wazee wake: nabii Nathani ni "ametoa" bila mtoaji, Ezra ni "msaada" bila msaidiaji, na nabii Mika jina lake refu ni Mikaya, ndivyo lilivyoandikwa katika Kiebrania cha Yeremia 26:18. Mama yake Hezekia mwenyewe anaitwa Abi katika 2 Wafalme 18:2, na Abiya katika 2 Nyakati 29:1. Walifupisha nyumbani, wakajua kilichokatwa ni nini. Majina yenye El mbele ndiyo yanayohimili kukatwa, kwani kinachobaki mdomoni ni Eli.

Na liko moja ambalo nalipenda lakini simshauri mtu wa kwetu: Malkiya, "mfalme wangu ni Yahwe". Kwa Kiswahili mvulana huyo ataitwa malkia kila asubuhi kwenye mahudhurio. Achukue Elimeleki, jina la mumewe Naomi, linalosema neno lile lile la ufalme.

Akiwa wa kike

Majina ya wanawake ya aina hii katika Biblia ni machache, na ndiyo maana wengi hukimbilia Daniela na Gabriela, ambayo ni majina ya wanaume yaliyotiwa mkia huko Ulaya. Si lazima kufika huko. Yupo Yokebedi, mama yake Musa, ambaye jina lake lina Yo na neno la utukufu. Yupo Yekolia, mama yake mfalme Uzia: Yahwe ameweza. Athalia yupo pia, jina la Ya kamili, lakini aliyelibeba aliua watoto wa ukoo wa kifalme, na sidhani kama kuna bibi atakayelikubali.

Jozi ninayoipenda zaidi ni Elisheba na Yehosheba. Elisheba alikuwa mke wa Haruni. Yehosheba ndiye aliyemwiba mtoto mchanga Yoashi katikati ya mauaji hayo ya Athalia, akamficha pamoja na mlezi wake mpaka hatari ikapita, na kwa tendo hilo ukoo wa Daudi haukukatika. Kipande cha pili ni kimoja, "sheba", kiapo: Mungu wangu ndiye kiapo changu, Yahwe ndiye kiapo. 2 Nyakati 22:11 inamwita Yehoshabeathi, na ukilisikia hilo na ile t ya mwisho unaelewa Elisheba alivyofika kwetu akiwa Elisabeti.

Elisabeti wa Luka aliolewa na Zekaria, wakamzaa Yohana. Kiapo, amekumbuka, amefadhili. Sasa soma wimbo wa Zekaria, Luka 1:72 na 73, baada ya ulimi wake kufunguliwa: anaimba juu ya rehema kwa baba zetu, juu ya kulikumbuka agano, juu ya uapo aliomwapia Ibrahimu. Majina matatu ya nyumba moja, mtoto, baba na mama, yamepangwa humo kwa mfuatano. Mtu asiyejua vipande hivi anaupita wimbo huo bila kusikia familia ikiitwa.

Niliposimulia hilo mdogo wangu alinyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kesho yake alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la kliniki. Kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake: "Wa kiume: Hezekia." Chini yake, mwandiko wa mumewe uliolala: "wa pili Ezekieli, Mungu akijalia." Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kubwa za mtu ambaye hashiki kalamu mara nyingi, mama mkwe alikuwa ameandika YEHOSHEBA, akalipigia mstari.